Chemirocha Naye Alikuwa na Mke, Mtoto na Madeni



Ninyi mnaoishi Kapkatet, Litein, Sotik, Bomet na kandokando ya mashamba ya chai ya Kericho, bila shaka mmewahi kulisikia jina la Chemirocha. Kama si ninyi, basi ni wazee wenu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akikusanya nyimbo, alifika Kapkatet na vyombo vyake vya kunasia sauti. Akawakuta Wakipsigis wakiimba kwa chepkong', kile kinubi chao, habari za mtu aliyeitwa Chemirocha. Alinasa nyimbo tatu zenye jina hilo. Katika ule wa wasichana, ambao ndio uliokuja kupendwa hata ng'ambo, Chemirocha si mtu kama sisi. Ni nusu mtu na nusu swara, kiumbe wa ajabu anayealikwa aje acheze na kurukaruka.

Lakini Chemirocha alikuwa mtu. Jina lake hasa lilikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, na wakati wasichana wale walipokuwa wakimwimba alikuwa kaburini yapata miaka 17. Sauti yake ilifika huku kwa santuri na gramafoni. Jina lake likaingia katika masikio ya Kikipsigis na kutoka likiwa limebadilika kabisa, utadhani ni jina la binti wa hapa hapa, dada yake Chemutai na Chepkemoi!

Huenda mkauliza, je, habari za mwimbaji wa gita zinahusu nini ukurasa wa ndoa? Zinahusu, tena sana. Leo tunazungumza juu ya wasiwasi wa kila siku, yale mawazo yanayomfanya mume aamke saa nane za usiku na kuhesabu mabati ya paa, na yanayomfanya mke amfokee mtoto kwa kosa la kumwaga maji kidogo. Karo ya muhula ujao. Bei ya majani. Mvua ya mawe iliyopiga shamba wiki moja kabla ya kuchuma. Mkopo wa Sacco. Mashine za kuchumia chai ambazo zimechukua kazi ya mikono mingi katika mashamba makubwa. Mambo haya yamo katika kila nyumba, lakini kila nyumba hujiona peke yake. Tunamtazama jirani mwenye nyumba ya mawe na pikipiki mpya, tukadhani yeye si mtu wa kuhangaika kama sisi. Tunamfanya Chemirocha. Basi hebu tumtazame Chemirocha mwenyewe alivyoishi na mkewe, halafu kila mmoja wenu aone kama hajajikuta humo ndani.

Jimmie Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, na kwao ni Meridian, mji wa reli katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa msimamizi wa vibarua wa kutengeneza njia ya reli. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana, akalelewa mara huku mara kule kwa jamaa. Alipofika umri wa miaka kumi na kitu alitoroka nyumbani akifuata kundi la maonyesho. Baba akamrudisha na kumtafutia kazi kwenye reli.

Kazi aliyoifanya kwa muda mrefu ilikuwa ya breki. Wazee waliowahi kufanya kazi pale stesheni ya Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion, wanajua mtu wa breki ni nani katika treni la mizigo. Ilikuwa kazi ya hatari na isiyokuwa na uhakika. Mizigo ikipungua, wanaoachishwa kwanza ni wale walioajiriwa mwisho. Leo una kazi, kesho unarudi nyumbani na kofia mkononi. Kibarua yeyote wa shamba la chai anayengoja kuona kama jina lake limo katika orodha ya msimu huu, huyo hahitaji kuelezwa hali hiyo zaidi.

Mwaka 1917 alioa mke wa kwanza, Stella. Wote wawili walikuwa vijana wasio na kitu, na nyumba ikavunjika upesi. Stella alijifungua binti baada ya wao kutengana. Nalitaja jambo hili kwa sababu tutalikuta tena mbele. Mwaka 1920 alimwoa Carrie Williamson, binti wa mchungaji wa Kimethodisti wa pale Meridian, msichana ambaye alikuwa hata hajamaliza shule. Mwaka uliofuata wakapata mtoto, Anita. Mwaka 1923 wakapata wa pili, June.

June hakufikisha mwaka. Alifariki Desemba ya mwaka ule ule, siku chache kabla ya Krismasi, na baba yake alikuwa mbali na nyumbani akitafuta riziki. Fikirini, ninyi mliowahi kuzika mtoto. Mama yuko peke yake na maiti ya mtoto wake, na baba anahangaika kutafuta nauli ya kurudi. Na kabla machozi hayajakauka, mwaka 1924, Jimmie akakohoa damu. Madaktari wakasema ni kifua kikuu.

Hapa tusimame kidogo. Mwaka 1924 kifua kikuu hakikuwa na dawa. Dawa ya kwanza ya kukiua, streptomaisini, iligunduliwa mwaka 1943, miaka kumi baada ya Jimmie kufa. Katika siku zake daktari alikuwa na neno moja tu la kumwambia mgonjwa: pumzika. Lala, kula vizuri, tafuta hewa safi, usifanye kazi nzito, usijitie katika mahangaiko. Ni ushauri mzuri. Lakini mpe mtu mwenye mke, mtoto, deni la mazishi na asiyekuwa na mshahara, uone atafanya nini nao! Nyinyi mnajua. Daktari anaandika mapumziko ya siku saba, na mzee anarudi shambani siku ya tatu kwa sababu majani hayangoji. Kumwambia mtu mwenye mzigo aache kuhangaika ni kama kumwambia ng'ombe aliyekwama matopeni atembee. Lazima kwanza mtu aingie matopeni pamoja naye.

Na huyo mtu alikuwa Carrie.

Jimmie alijaribu kuendelea na reli lakini mwili ulikataa. Wakahamahama wakitafuta hali ya hewa itakayomfaa, na mwanzoni mwa mwaka 1927 akafika Asheville, mji wa milimani huko North Carolina, ambako wagonjwa wengi wa kifua walikuwa wakienda, mahali penye baridi na ukungu wa asubuhi kama kwetu huku. Alikuwa akiimba kwa ujira mdogo, hapa na pale, na wenzake wachache. Mwezi Agosti mwaka huo akasikia kwamba kampuni ya santuri ya Victor imemtuma Ralph Peer katika mji wa Bristol, Tennessee, kuwanasa waimbaji wa kule mashambani. Alikwenda. Tarehe 4 Agosti 1927, akiwa peke yake na gita lake, alinaswa nyimbo mbili. Alilipwa dola 100. Kisha akaambiwa asubiri.

Kusubiri! Wakulima wa chai, si mnalijua neno hilo? Malipo ya mwezi ni kidogo, bonasi ni mpaka Oktoba, na kati ya Januari na Oktoba mtoto anafukuzwa shule mara tatu. Katika kipindi hicho cha kusubiri, Jimmie na Carrie walihamia Washington, na nani aliyelisha nyumba? Ni Carrie. Alifanya kazi ya kuwahudumia wateja katika mgahawa wa chai. Ndiyo, chai. Sitasema kwamba ilitoka Kericho, maana miaka hiyo ya 1920 ndiyo makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalikuwa yanaanza tu kupanda chai kwa wingi huku. Lakini binti yule wa mchungaji, aliyezika mtoto, mwenye mume mgonjwa, alisimama kutwa akibeba sinia za vikombe ili mumewe apate muda wa kutunga nyimbo.

Kwangu mimi, kama kuna wakati katika ndoa ile ambao ningewaomba muutazame kwa makini, si ule wa sifa na magari. Ni huu. Kila mmoja wao alijua kila kitu. Carrie alijua kwamba mumewe anakohoa damu na kwamba haponi. Jimmie alijua senti zilizoletwa kutoka mgahawani ni ngapi. Hapakuwa na mfuko wa siri, kwa maana mifuko yote ilikuwa mitupu. Wasiwasi ulikuwa mkubwa kuliko wakati mwingine wowote, lakini ulikuwa umewekwa juu ya meza, na wawili waliukalia pande mbili.

Sasa nigeukie kwenu. Katika nyumba nyingi za huku, nambari ya mkulima ya kuuzia majani imeandikwa kwa jina la baba. Malipo yanaingia katika akaunti ya baba. Mama ndiye aliyeamka saa kumi na moja, akakama ng'ombe, akachuma majani mawili na kichipukizi mpaka mgongo ukauma, akabeba kikapu hadi kituo cha kupimia. Lakini hajui kilo za mwezi zilikuwa ngapi, wala mkopo wa mbolea umekatwa kiasi gani, wala kama kuna mkopo mwingine aliouchukua mzee mwaka jana. Basi anaishi kwa kubahatisha. Na mtu anayebahatisha huogopa zaidi kuliko mtu anayejua, hata kama anachokijua ni kibaya. Mume naye amebeba siri ya deni, kila mke anapotaja karo yeye anasikia kama anashtakiwa, anapandisha sauti au anatoka kwenda senta. Wote wawili wana hofu ileile moja, lakini kila mmoja anadhani adui yake ni mwenzake.

Dawa yake ya kwanza haina gharama. Chukueni daftari la watoto lililobaki kurasa chache. Jioni moja, si usiku wa manane na si mbele ya watoto, kaeni muandike: tunachodaiwa, tunachotarajia, na tarehe. Mengine mtaona yanaweza kufanyiwa kitu wiki hii: kwenda kumwona mwalimu mkuu kuomba kulipa karo kidogo kidogo, kuuza mwanambuzi, kwenda Sacco kabla hawajawafuata. Mengine hayawezi kufanyiwa kitu na mtu yeyote: mvua ya mawe, bei kule mnada wa Mombasa. Haya ya pili yaandikeni upande wake na kuyaacha pale katika daftari. Msiyachukue kitandani. Mkubaliane siku na saa ya kuyazungumza tena, Jumapili alasiri kwa mfano, na yakija kabla ya hapo, mjikumbushe kwamba siku yake inakuja. Utashangaa jinsi akili inavyotulia ikijua kwamba jambo halijasahauliwa, limewekewa zamu.

Turudi kwa Jimmie. Tarehe 30 Novemba 1927, huko Camden, New Jersey, alinasa wimbo uliompandisha. Alikuwa na namna yake ya kuikata sauti kooni, kutoka nzito hadi nyembamba, kama wachungaji wanaoitana kutoka mlima hadi mlima. Kwa Kiingereza namna hiyo wanaiita yodel. Labda hiyo ndiyo iliyowafanya wachunga ng'ombe wa Kapkatet waipende, maana wao wenyewe huitana hivyo. Santuri zikauzwa kwa maelfu na maelfu. Katika miaka isiyozidi sita alinasa nyimbo zaidi ya 100. Mwaka 1930 alinasa mmoja pamoja na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mashuhuri, wakati ambapo ilikuwa nadra mzungu na mweusi kupiga muziki pamoja katika santuri moja. Mwaka 1931 alizunguka Texas na Oklahoma na mchekeshaji Will Rogers, wakichanga fedha za kuwasaidia watu waliopigwa na ukame na ukosefu wa kazi. Alikuwa mtu mwenye mkono mwepesi, na watu walimpenda kwa hilo.

Lakini mkono huohuo mwepesi ulikuwa na shida yake. Mwaka 1929 alijenga jumba huko Kerrville, Texas, mji mwingine wa wagonjwa wa kifua. Inasemekana liligharimu yapata dola 50,000, katika nchi ambayo mfanyakazi wa kawaida hakuona hata 2,000 kwa mwaka. Magari mazuri, magita ya thamani, zawadi kwa marafiki. Mwaka ule ule, mwezi Oktoba, masoko ya fedha ya New York yalianguka, na ile dhiki kubwa ya uchumi ikaanza. Watu wasiokuwa na mkate hawanunui santuri. Mapato yakashuka, lakini jumba halikushuka.

Je, tumlaumu? Mimi siwezi sana. Mtu aliyekua bila mama, aliyelala njaa, aliyeambiwa na daktari kwamba siku zake zinahesabika, akipata fedha ataziona kama ukuta wa kumkinga na hofu. Anajenga ukuta huo juu kabisa. Tunaona jambo hilohilo kila Oktoba bonasi inapotoka. Mwanamume aliyehangaika mwaka mzima anashuka mjini na mfuko umejaa, na kwa siku tatu yeye si maskini tena. Ananunulia wote. Mkewe anajua bonasi imetoka kwa kusikia redio. Baada ya hapo anarudi akiwa na aibu, na aibu nayo ni wasiwasi mwingine ulioongezwa juu ya ule wa kwanza. Nimesikia watu wakiliita jambo hili ulevi na uzembe tu. Mara nyingi chini yake kuna hofu ambayo haijawahi kutamkwa mbele ya mtu yeyote.

Njia ya pili ya Jimmie ya kuikimbia hofu ilikuwa kazi. Madaktari walimwambia apumzike, yeye akapanga safari za maonyesho. Akianguka, analala siku kadhaa, anainuka, anasafiri tena. Alikunywa pombe pia, kama wengi wa rika lake, naye mwenyewe alijua haimsaidii kifua. Tena aliuimba ugonjwa wake waziwazi. Mwaka 1931 alitoa wimbo juu ya kifua kikuu, wakati ambapo watu walikuwa wakiuficha ugonjwa huo kama wanavyoyaficha magonjwa mengine leo. Ujasiri wa kuimba mbele ya maelfu alikuwa nao. Ujasiri wa kukaa nyumbani na kupunguza matumizi, huo ulikuwa mgumu zaidi kwake.

Juu ya pombe ningependa niseme neno moja la wazi, kwa kuwa wengi huinywa ili wapate usingizi. Ni kweli inaleta usingizi upesi. Lakini inauvunja usingizi katika nusu ya pili ya usiku, na ndiyo maana mnywaji huamka saa tisa moyo ukimdunda, kinywa kikavu, na deni lile lile likimngoja pembeni ya kitanda, kubwa kuliko jana. Kinachotuliza mwili ni vitu vya kawaida mno hata tunavidharau: kwenda kitandani na kuamka saa zilezile, kutembea kwa miguu, kula pamoja, kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi moyo unapoanza kwenda mbio. Jaribuni hilo la mwisho mara kumi. Hofu ina miguu mwilini, na pumzi ndefu huipunguzia mwendo.

Basi, mambo yakazidi kumbana. Yule mke wa kwanza, Stella, alimpeleka mahakamani juu ya matunzo ya binti yao, na mahakama ikamwamuru alipe. Jambo la mwaka 1917 lilimfuata zaidi ya miaka kumi baadaye, likamkuta mgonjwa na mwenye madeni. Jumba la Kerrville likawashinda. Mwaka 1932 familia ilihamia nyumba ndogo zaidi katika mji wa San Antonio. Hatuna la kumcheka hapo. Kuhama jumba na kuingia nyumba ndogo, mbele ya macho ya watu waliokusifu, kunahitaji moyo. Wako wengi kwetu ambao wangeuza ng'ombe wa mwisho kuliko kuwahamisha watoto kutoka shule ya bweni ya bei kubwa na kuwapeleka ya kutwa, eti majirani watasema nini.

Mwezi Mei 1933, akiwa hawezi hata kusimama kwa muda mrefu, alipanda meli kwenda New York kunasa nyimbo za mwisho. Alitaka fedha za kuwaachia Carrie na Anita. Alifuatana na muuguzi, Carrie akabaki nyumbani. Ndani ya studio waliweka kitanda kidogo. Akimaliza wimbo mmoja analala, akipata nguvu anaamka na kuimba mwingine. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine ilibidi apumzike. Aliimaliza kazi tarehe 24 Mei. Siku mbili baadaye, tarehe 26 Mei 1933, alifariki katika hoteli ya Taft, akiwa na umri wa miaka 35. Alirudishwa Meridian kwa treni, kama mtu wa reli anavyostahili, na kuzikwa huko.

Wengine husimulia safari ile ya mwisho kama kilele cha upendo wa baba. Labda ni kweli. Lakini ninyi wanandoa nawaomba mfikirie pia upande wa Carrie. Mume wake alikufa katika chumba cha hoteli, mji wa mbali, mikononi mwa watu wa kuajiriwa. Kama angeulizwa achague kati ya zile santuri za mwisho na wiki zile mbili kando ya kitanda chake, angechagua nini? Mara nyingi sisi wanaume tunajiua kwa kazi kwa ajili ya watu ambao wangetupenda zaidi tukiwa nyumbani. Na tunafanya hivyo bila kuwauliza.

Huku kwetu jambo hili lina mzizi wake. Kijana wa Kikipsigis anafundishwa mapema kwamba mwanamume hakunji uso mbele ya maumivu. Ni mafundisho yenye heshima, na sitaki kuyadharau. Lakini kisu kinapita kwa dakika moja, na watu wote wamesimama hapo wakikutia moyo. Deni linakaa miaka, na hakuna anayesimama nawe kwa sababu hujamwambia mtu. Mume asiyekunja uso miaka kumi, mke wake na watoto wanakuja kumwona kama Chemirocha wa wimbo, nusu mtu, wa kutazamwa kwa mbali. Wanajua anarukaruka. Hawajui anaumwa wapi. Na akina mama nao wana namna yao: anayechoka hadi kutetemeka lakini akiulizwa anasema ni salama tu, huku kichwa kikimgonga kila jioni na chakula hakimshuki.

Kwa hiyo kama mwenzako amekuwa mtu wa kimya, usianze na swali la fedha. Mwulize analala vipi. Ni swali dogo, halimshtaki mtu, na jibu lake mara nyingi hufungua mengine. Akikwambia, usikimbilie kumpa ushauri, wala usimwambie kwamba fulani ana shida kuliko yeye. Sikiliza mpaka amalize. Kisha siku nyingine leteni lile daftari.

Ikiwa wasiwasi unaendelea wiki baada ya wiki, mtu halali, hali, haoni raha katika kitu alichokuwa akikipenda, au anaanza kusema afadhali asingekuwepo, hapo msibaki na daftari peke yake. Nendeni hospitali mkiwa wawili, tena upesi ikiwa ametaja kufa. Huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na una matibabu. Vivyo hivyo kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kisifichwe. Kile kilichomuua Jimmie Rodgers sasa kinatibika kwa vidonge vya miezi 6, na katika hospitali za serikali hapa Kenya dawa hizo hutolewa bure.

Na Carrie? Alibaki mjane mwenye umri wa miaka thelathini na kidogo, bila jumba, na binti wa kulea. Mwaka 1935 alitoa kitabu juu ya maisha ya mume wake, chenye dhiki na vicheko vyao vyote viwili. Baada ya hapo alitafutwa na kijana mmoja wa Texas, Ernest Tubb, aliyempenda Jimmie bila kuwahi kuonana naye. Carrie alimsaidia kuingia katika kampuni ya santuri, akamwazima gita la marehemu, lile lenye jina lake mbele na neno la shukrani limeandikwa mgongoni. Jimmie alikuwa akimaliza kuimba hulipindua ili watu walisome. Tubb alilipiga gita hilo miaka mingi. Carrie alifariki mwaka 1961, mwaka uleule ambao mume wake alikuwa kati ya watu wa kwanza kuwekwa katika jumba la heshima la muziki wao huko Nashville.

Mwaka 2015 sauti zilizonaswa na Tracey zilirudishwa Kapkatet kutoka hifadhi yake ya Afrika Kusini, wazee wakajisikia walivyokuwa wakiimba ujanani, miaka 65 kabla ya hapo. Kama kwenu kuna mzee anayeukumbuka wimbo ule, mkaeni naye jioni moja, mwambieni Chemirocha alikuwa ni nani, na kwamba alikuwa na mke aliyekuwa akipokea wateja katika mgahawa wa chai.